Spana Iliyong'aa

Stoo aliitungua spana kutoka kwenye msumari, akaipeleka dirishani penye mwanga. Ilikuwa inang'aa. Grisi ya manjano iliyopakwa kiwandani ilikuwa bado imejificha kwenye pembe za ndani za mdomo wake, mahali ambapo chuma kingepaswa kukutana na chuma. Akapitisha kidole, akakinusa. Hapakuwa na kutu wala mkwaruzo. Na huko nje barazani mkewe alikuwa anamkabidhi muuza mkate baiskeli yake, naye muuza mkate alikuwa anazungusha pedali kwa mkono na kusifu.

"Fundi, hii sasa inateleza. Ile kelele imekwisha kabisa."

"Nimesafisha vikombe vya ekseli, nimeweka na gololi mpya," mkewe alijibu. "Ukiingia kwenye maji, urudi nikuangalizie."

Gololi mpya. Basi vikombe vilifunguliwa. Vilifunguliwa na nini? Stoo aliirudisha spana msumarini taratibu, akahakikisha imekaa vilevile ilivyokuwa, halafu akasimama katikati ya chumba akiwaza.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro mpaka kiwanda kilipofunga milango, na baada ya hapo watu waliendelea kumwita Stoo kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Miaka yote ile aliyokaa nyuma ya dirisha la wavu ilimfunza jambo moja: kitu kikitoka na kurudi bila dalili ya kutumika, pana mtu anadanganya. Glavu zikirudi safi, mtu amevaa nyingine. Ufagio ukirudi mpya, kipo chumba ambacho hakijafagiliwa. Stoo yenyewe haikuwepo tena, lakini macho yake yalikuwa bado yako kazini, na kwa kuwa hayakuwa na mizigo ya kuangalia, yalimwangalia mkewe.

Huyo mkewe ndiye aliyekuwa fundi. Ufundi aliupata kwa baba yake, na baraza la nyumba yao ndilo lililokuwa karakana yake. Alitengeneza zaidi yale mabaiskeli mazito meusi ya kubebea mizigo, ambayo ugonjwa wao mkubwa ni ekseli ya pedali. Ekseli hiyo hupita ndani ya bomba fupi chini ya fremu, ikashikwa na vikombe viwili vya chuma vilivyojaa gololi, kimoja kila upande. Kikombe cha kushoto hutoka kwa adabu. Cha kulia hukaa miaka kikinywa maji na vumbi, na siku ya kutolewa kinashikilia kama mpangaji aliyepewa notisi. Zamani mkewe alikuwa anakitoa kwa tindo na nyundo, akikigonga ukingoni hadi kisalimu amri. Kelele zake zilifika hadi mwisho wa mtaa, na vikombe vilirudi kwa wenyewe vikiwa na makovu.

Stoo ndiye aliyemwokoa na aibu hiyo. Alipopewa fedha za haki yake ya mwisho kiwandani, aliingia duka la vyuma, akasimama mbele ya ukuta wenye spana za vikombe zilizopangwa safu, akachagua mwenyewe ile ndefu iliyong'aa kuliko zote. Aliileta nyumbani ikiwa imefungwa kwenye karatasi kama nguo ya sikukuu. "Sasa hutagonga tena," alimwambia mkewe mbele ya majirani. Na kweli, tangu siku ile nyumba ilikuwa kimya. Kimya hicho kilimpa Stoo fahari kubwa. Alipokuwa akipita mtaani alihisi kila mtu anasikia ukimya wake.

Leo ukimya uleule ulianza kumtia shaka. Mke hagongi. Spana haijaguswa. Na vikombe vinafunguka.

Mchana, mkewe alipoingia ndani kunywa maji, Stoo alikuwa ameketi kwenye kiti kinachotazamana na msumari.

"Ile spana unaitumia?" aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Naitumia."

"Mbona safi?"

"Naifuta."

"Unafuta mpaka pembeni, halafu grisi ya kiwandani unaiacha palepale?"

Mkewe alishusha kikombe cha maji. Kwa muda mfupi sana macho yake yalikwenda kwenye msumari, kisha yakarudi. Stoo aliliona hilo. Hakuna lililompita.

"Baba watoto," mkewe alisema akicheka, "umeanza kunipa vitu kwa kusaini? Niletee basi kitabu niweke dole gumba."

"Nauliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Alipopita karibu naye kurudi barazani, Stoo alisikia harufu. Mikono ya mkewe siku zote ilinuka mafuta ya taa, kwa sababu hayo ndiyo aliyokuwa anatolea grisi, na yeye alishaizoea harufu hiyo hadi kitandani. Leo mikono ilinukia ndimu.

"Mikono yako inanukia," alisema.

"Vibaya?"

"Vizuri."

"Sasa ugomvi uko wapi?" mkewe aliuliza, akatoka.

Ugomvi ulikuwa hapohapo. Stoo aliinuka, akaenda uani, akakagua kisahani cha sabuni. Palikuwa na kipande kile kile cha sabuni ya kufulia, kimekatika katikati, na hakikunukia chochote. Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwanamke ameosha mikono mahali pengine. Mtu haoshi mikono kwa watu mpaka awe amekaa.

*

Asiye na kazi huwa na marafiki wa kukaa nao, na rafiki wa Stoo alikuwa mshona viatu wa kwenye kona. Stoo alizoea kuketi kwenye benchi lake akijifanya ana kiatu cha kushonwa. Mshona viatu naye alijifanya hajui kwamba ni kiatu kilekile. Alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake ulifanya kazi kuliko sindano.

"Shemeji amepita hapa sasa hivi," alisema bila kuinua kichwa.

"Anajaribu baiskeli ya mteja."

"Ah! Anajaribu kwa kuikokota?"

Stoo alikigeuza kiatu chake soli juu.

"Matairi yote yana upepo," mshona viatu aliendelea. "Ila pedali hazipo. Amezitoa, ameziweka kwenye kapu. Mimi nikajiuliza, baiskeli isiyo na pedali inajaribiwaje? Lakini sikuuliza. Mke wa mtu huwezi kumhoji njiani."

"Ameelekea wapi?"

"Mimi sijasema kitu."

"Sijasema umesema. Ameelekea wapi?"

Mshona viatu alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Kule nyuma ya kiwanja cha mbao. Kwa Miwani."

Miwani alikuwa fundi baiskeli vilevile, mwenye banda la mabati na jiliwa kubwa la kubania vyuma. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, mkono wa pili alikuwa ameutengeneza kwa spoki. Alikuwa ameachwa na mkewe siku nyingi, na watu waliulizana kila mara kwa nini haoi. Kwa miaka, Stoo na mkewe walimzungumzia kwa maneno mafupi, kama wafanyabiashara wanavyomzungumzia mshindani. Hakuna siku mkewe alisema, "Nimetoka kwa Miwani." Hakusema jana, hakusema wiki iliyopita. Mwenye safari ya haki huitaja.

"Kwani anakwenda huko mara nyingi?" Stoo aliuliza, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

"Sasa hapo unataka nigombanishe watu," alisema mshona viatu, na kwa jibu hilo akawa ameshawagombanisha.

*

Stoo hakuwa mtu wa kuropoka bila ushahidi, na hilo alijisifia. Asubuhi iliyofuata, mkewe alipokuwa anawatayarisha watoto kwenda shule, alichomoa uzi mweusi kwenye pindo la shuka, akaufunga kwenye mdomo wa spana, kutoka jino moja hadi jingine, mwembamba kiasi kwamba asiyejua asingeuona. Huko kiwandani alimkamata mlinzi mmoja kwa uzi kama huo. Kisha akajilaza, akajifanya kichwa kinamuuma.

Aliwasikia wateja wakija. Alimsikia mkewe akifungua mikono ya pedali, nati zikidondoka kwenye kopo la bati. Baadaye pakawa kimya kirefu. Alipochungulia, baraza lilikuwa tupu, na baiskeli ya muuza magazeti haikuwepo. Jua lilipokuwa kichwani, mkewe alirudi akiikokota, akafunga mikono ya pedali, akaipanda na kuizungusha uani. Pedali zilizunguka bila sauti. Muuza magazeti alikuja, akashukuru, akaenda zake.

Stoo alinyanyuka na kwenda kwenye msumari. Uzi ulikuwa mahali pake.

Alitamani kuukata kwa hasira. Badala yake aliuacha, kwa sababu ushahidi hauharibiwi. Alikaa na maumivu ambayo hakuwahi kuyapata hata siku ya kufukuzwa kazi. Siku ile walifukuzwa wote kwa pamoja, na mtu akiaibika na wenzake mia hawezi kusema aibu ni yake. Hii ilikuwa yake peke yake. Alimpenda mkewe, na alimpenda zaidi tangu mkewe alipoanza kulisha nyumba, ila kupenda huko kuliingiwa na woga, kwani alishindwa kuona mwanamke kama huyo anamhitaji yeye kwa kazi gani. Watoto waliporudi shule wakamuuliza kama kichwa kimepona. Akawaambia bado.

Kesho yake alimfuata.

Alitembea nyuma yake kwa mbali, akijibanza kwenye mirundo ya mbao kila mkewe alipogeuza shingo. Mkewe hakutembea kama mwizi. Alikokota baiskeli katikati ya njia, akasalimia watu, akasimama hata kumsaidia mama mmoja kubeba ndoo. Stoo aliliona hilo kama ujanja wa hali ya juu. Mkewe alipofika bandani kwa Miwani, aliingia bila kupiga hodi. Nyumba ya mtu unaiingia bila hodi ukiwa umeshakaribishwa mara nyingi.

Alingoja. Akasikia chuma kikilia, kisha kicheko cha mkewe, kile kicheko cha kifuani ambacho nyumbani kilikuwa hakijasikika siku nyingi. Hakungoja tena.

Aliwakuta wameinamia fremu iliyobanwa kwenye jiliwa. Mkewe ameikumbatia fremu isitikisike, Miwani ameshika mpini wa spana kwa mikono miwili, vichwa vyao vimekaribiana. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Lakini Stoo alikuwa ameshakuja na picha yake kichwani, na aliyoyaona aliyapachika humo.

Alipiga kelele. Alisema mengi, mengine hata yeye hakujua ameyaokota wapi. Wapasua mbao wakazima msumeno waje kusikia. Mshona viatu akaacha wateja. Na mbele ya wote hao Stoo alimwita mkewe lile neno ambalo mwanamke akishaitwa hadharani watoto wake nao hulisikia shuleni.

Miwani aliachia spana, akavua miwani, akaifuta. "Bwana, subiri nikueleze," alisema.

"Usimweleze," mkewe Stoo alisema.

Alikuwa amepauka. Stoo alidhani atalia au atajibu, na alikuwa tayari kwa yote mawili. Mkewe aliwatazama wale watu mlangoni mmoja mmoja, akamtazama mumewe, akaonekana kama mtu anayepima mzigo aone kama ataweza kuubeba. Kisha akainama tena, akaikumbatia fremu.

"Malizia, fundi," alimwambia Miwani. "Mwenye baiskeli anangoja."

*

Usiku wote hawakusemezana. Asubuhi Stoo alimwita dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akikata mashauri ya ukoo tangu wazazi wao wafariki. Dada alikuja na jasho lake, mwanamke mnene, mwenye haraka, aliyeacha nguo zimelowekwa kwenye beseni na hakutaka mtu yeyote asahau hilo.

Walikaa barazani, katikati ya matairi na minyororo. Kando yao ilisimama baiskeli ya muuza maziwa, imeshatolewa mikono ya pedali, ikingoja.

"Haya," alisema dada. "Wewe ndiye uliyeniita. Sema."

Stoo alisema. Alianza na grisi ya kiwandani, akaja kwenye harufu ya ndimu, akaja kwenye baiskeli kukokotwa, akauleta uzi. Alipanga hoja zake kama bidhaa kwenye rafu, na alipomaliza alijiona amesema vizuri. Dada yake alikunja uso.

"Wifi, na wewe?"

"Mikono naosha kule kwa sababu kazi naifanyia kule," mkewe alijibu. "Miwani amenunua sabuni mpya ya ndimu. Sikujua ndimu ni kosa."

"Na kwa nini uifanyie kule, wakati mumeo amekununulia spana?"

Mkewe alikuwa anachezea nati na bolti yake kwenye vidole, anaifunga, anaifungua.

"Unaona?" Stoo alisema. "Hapo ndipo anaponyamazaga."

Mkewe aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na ile spana, uzi bado umefungwa mdomoni. Akaukata kwa ukucha. Akamkabidhi mumewe.

"Fungua kikombe cha hii baiskeli," alisema. "Cha kulia. Ukikitoa, nimekosa, nitafunga nguo zangu niondoke."

Stoo aliona mtego, ila hakuona uko wapi. Alipiga goti, akaivika spana kwenye bapa mbili za kikombe, pande zake tambarare za kushikwa na spana. Ilikaa. Kwa macho ilikaa vizuri kabisa. Akavuta, na spana ikachomoka, vifundo vya vidole vyake vikagonga fremu na kuchubuka.

"Upande huo hufunguka kinyume," mkewe alisema kwa upole. "Vuta kama unayekaza."

Akavuta kama anayekaza. Spana ilicheza mkononi mwake, ikapanda juu ya bapa, ikateleza tena. Akaibana kwa kiganja cha kushoto, akavuta kwa nguvu zote, na safari hii alihisi jambo lenyewe, wazi, kwenye mifupa ya mkono: mdomo wa spana ulikuwa mpana. Haukuwa mpana sana. Ulikuwa mpana kiasi cha unene wa ukucha tu, na ukucha huo ulitosha. Jasho lilimtoka. Alibaki ameinama, kwa sababu akiinua kichwa angewakuta watu wawili wanangoja.

"Kwani imekuwaje?" dada aliuliza.

Stoo aliifuta spana kwa shati, kana kwamba tatizo ni uchafu.

"Kutu," mkewe alisema. "Hii imekaza mno, wifi. Hata mimi huwa inanishinda. Ndiyo maana nakwenda kwa Miwani, ana jiliwa la kubania."

Alilisema bila kupepesa macho, uso umetulia kabisa. Stoo alimtazama akashangaa jinsi uongo ulivyomtoka kwa urahisi, na akaelewa kuwa ulikuwa uongo wa kumfunika yeye. Shukrani ilimjaa, lakini ikaja na jambo jingine lililomchoma: kama anaweza kusema uongo hivi, ameshanidanganya mara ngapi nikaona amani?

Dada alipumua kwa faraja. Alikumbuka nguo zake.

"Basi yamekwisha. Wewe mdogo wangu umekosea, umemtukana mkeo kwa ajili ya kutu. Lakini na wewe wifi, mke wa mtu hashindi kwenye banda la mwanamume aliyeachika. Watu wana macho. Kuanzia leo kazi zote zifanyike hapahapa. Spana unayo. Ikikaza, kaza na wewe. Umesikia?"

Mkewe hakumjibu wifi yake. Alimgeukia mumewe. "Baba watoto, unasemaje?"

Lilikuwa swali fupi, na ndani yake ilikuwemo kazi yote ya mkewe. Stoo alilijua hilo. Kwa spana hii hawezi kufungua hata kikombe kimoja. Kilichotakiwa ni neno moja kutoka kwake. Lakini neno lenyewe lingekuwa kwamba yeye, mtunza stoo, alitumia haki yake ya mwisho kununua kitu kisichofaa, na kwamba baada ya hapo alimtukana mkewe mbele za watu kwa sababu ya kitu hicho. Alishangaa kugundua kwamba jana, alipoamini kuwa amesalitiwa, moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko sasa.

"Dada ameshasema," alijibu.

Mkewe alitikisa kichwa taratibu kukubali. Alikwenda pembeni, akasogeza boksi la spoki, akatoa chini yake tindo na nyundo. Akachuchumaa kwenye baiskeli ya muuza maziwa, akaliweka tindo kwenye ukingo wa kikombe, akagonga.

Sauti ilikwenda hadi mwisho wa mtaa. Akagonga tena. Kipande cha chuma kikaruka, na ukingo wa kikombe ukabaki na jeraha jeupe. Hakuwa anagonga kwa hasira. Aligonga kwa ustadi, kama alivyofundishwa na baba yake, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta. Muuza maziwa angekuja, angeliona lile kovu, asingesema kitu, na ekseli ikisumbua tena angeipeleka moja kwa moja kwa Miwani. Angefuata muuza mkate. Stoo aliwaona wote wakiondoka mmoja mmoja.

"Acha," alisema.

Mkewe aligonga.

"Acha, nimesema! Haiingii. Spana haiingii. Ni pana."

Nyundo ilisimama hewani.

"Haiingii wapi?" dada aliuliza.

"Kwenye kikombe. Si kutu. Mwenye duka aliniuliza, 'Bapa kwa bapa kipimo gani?' Nikamwambia mimi sipimi, jicho langu linatosha. Zilikuwa saizi tofauti zimepangwa pale. Nikachukua iliyong'aa."

"Nilikwambia siku ile ile kwamba inacheza," mkewe alisema bila kumgeukia.

"Ulisema."

"Ukasusa chakula."

"Nikasusa."

"Ukalala umegeukia ukuta. Nikaona bora nisiseme tena. Nikajaribu kuibana kwa kipande cha bati, bati likachanika. Miwani haazimishi vyombo vyake vitoke bandani, ndipo nikaanza kupeleka baiskeli kule. Yeye ananipa spana, mimi namnyooshea ringi zake. Hicho ndicho ninachokwenda kufanya." Akaweka nyundo chini. "Nikacheka kule, ndiyo. Kule hakuna anayenihesabu."

Dada alimgeukia mdogo wake. "Kwa hiyo nimeacha nguo kwenye maji," alisema, "watoto wa ndugu yangu wamelala na wazazi waliofunga midomo, kwa ajili ya ukucha mmoja wa chuma?"

Stoo aliichukua nyundo, akairudisha chini ya boksi la spoki.

"Nisamehe, mama," alimwambia mkewe.

Mkewe alikifuta kikombe kilichojeruhiwa kwa kitambaa, akapitisha kidole kwenye kovu. Hakumwambia amemsamehe. "Matusi hukunitukania hapa," alisema. "Na msamaha usiniombee hapa."

*

Stoo aliikokota mwenyewe baiskeli ya muuza maziwa. Baiskeli isiyo na pedali ni nzito kuikokota, inayumba, inamgonga mtu muundi, na kila aliyemwona alijua anakokwenda. Wapasua mbao walimwona wakapunguza msumeno. Mshona viatu alimwona, na kwa mara ya kwanza sindano yake ikafanya kazi kuliko mdomo. Njiani shaka ilimrudia, ikamnong'oneza: spana sawa, ringi sawa, lakini kile kicheko je? Aliona aibu kuwa bado anaisikiliza. Aliikokota pamoja na baiskeli.

Miwani alikuwa ananoa chuma kwenye jiwe la kuzungushwa. Alimwona, hakuacha kunoa. Cheche ziliendelea kuruka.

Stoo alisimama mlangoni. Watu walikuwa wameshaanza kusogea nyuma yake, wale wale wa jana, kila mmoja akijifanya ana shughuli ya karibu.

"Nimeleta kikombe kifunguliwe," alisema. "Spana niliyomnunulia mke wangu haifai. Na yale niliyoyasema hapa juu yake na juu yako hayakuwa ya kweli."

Miwani alisimamisha jiwe kwa kiganja. Lilizunguka kidogo, likatulia. Akasogeza miwani yake juu ya pua.

"Jiwe lilikuwa linalia," alisema. "Sikukusikia. Jana nilikusikia vizuri, hata waliokuwa kule kwenye kona walikusikia."

Stoo aliegemeza baiskeli ukutani. Aligeuka, akawatazama wale watu usoni, akavuta pumzi, akarudia maneno yale yale tangu mwanzo, kwa sauti iliyofika kwenye kona.